Zungumza na bamdogo kabla ya Jumapili

Neema mpenzi,

Kamwene! Habari za Dar na joto lake? Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Huku sote wazima, ila baridi inatukomesha: ukungu haujaondoka mpaka saa nne asubuhi, na nguo nilizofua juzi bado mbichi kambani. Mama anakusalimu sana, vitenge vimefika na Jumapili iliyopita alivaa kimoja kanisani. Mambo ya Frank yameisha salama, nitakusimulia siku nyingine.

Leo nina neno moja, nalo linamhusu Bibi yako. Usishtuke, haumwi.

Unalikumbuka lile tamasha la filamu fupi la kila mwaka nililokuambia, ambalo mada yake ni uhuru? Safari hii kikundi chetu kinapeleka kazi. Wenzangu walitaka moja kwa moja Mtwa Mkwawa: vita vyake na Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, halafu fuvu lake lililorudishwa Kalenga mwaka 1954. Historia hiyo naipenda, lakini kila mtoto wa Iringa ameisoma, na tukienda Kalenga na kamera tutarudi na yale yale ambayo kila mgeni huonyeshwa. Nikakumbuka hadithi ulizokuwa ukitusimulia bwenini taa zikishazimwa, za Bibi na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliokuwa na kambi kijijini kwenu Mgagao.

Neema, hivi huwa unafikiria jambo hili lilivyo kubwa? Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar tangu 1963 mpaka 1994, lakini vijana wenyewe, wengine wao walikuwa huku kwetu, kwenye baridi ya Kilolo. Mwaka 1975 makamanda wa Zimbabwe waliokuwa kambini walimkataa kiongozi wao, Ndabaningi Sithole, na tamko lao mpaka leo linaitwa Tamko la Mgagao. Jina la kijiji limeingia vitabuni. Bibi, ambaye alikuwa akipita na ndoo yake huku wale vijana wakikimbia na kuimba alfajiri, hayumo popote.

Basi nilikwenda kumsalimu. Nilipandia gari Ipogolo, nikafika nimeganda, akaniweka jikoni karibu na moto. Kamera ilibaki kwenye begi kwa sababu tulikubaliana siku ya kwanza iwe ya mazungumzo tu. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamuuliza walikuwa wakitembeaje wale vijana. Akaweka gunzi chini, akainuka, akachukua mwiko wa ugali akauweka begani, akapiga hatua pale jikoni, kidevu juu, moshi machoni, huku anaimba vipande vya wimbo ambao mpaka leo hajui unasema nini. Nilishindwa hata kucheka. Ningekuwa na dakika moja tu ya hiyo, ningeipeleka tamasha lolote duniani.

Ndipo bamdogo akaingia, akasema hapana.

Hakunigombeza, nisimsingizie. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za Mama, kisha akatoa sababu zake. Kwanza, mambo ya kambi yalikuwa siri ya serikali. Nikamwonyesha barua ya utambulisho yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji. Pili, watu huja kuwapiga picha wazee, wakaondoka, wakapata fedha na majina, wazee wasione hata hiyo picha. Hapo nilinyamaza, maana ni kweli, yametokea. Nikamwahidi kwamba filamu itaonyeshwa kwanza pale pale nyumbani, ukutani kwa Bibi, na yeye akisema kipande fulani kitoke, kitatoka. Nakuahidi na wewe hivyo hivyo. Tatu, akasema mama yake ni mzee, hajui anachokubali.

Hilo la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Yote hayo yalikuwa yakisemwa Bibi amekaa pale pale, anaendelea na mahindi yake. Hakuna aliyemuuliza. Baadaye akanisindikiza mpaka njiani, akanishika mkono, akasema, "Mimi ndiye niliyewaona. Yeye alikuwa mgongoni."

Mgongoni, Neema! Tunatengeneza filamu ya uhuru, watu wametoka kusini kote huko kuja kufia uhuru, na aliyewaona kwa macho yake anasubiri ruhusa ya mtoto aliyekuwa amembeba mgongoni. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake, haikusema mpaka mwanawe aridhie. Najua ukiliweka hivyo mbele ya bamdogo atakasirika, kwa hiyo usiliweke hivyo. Wewe una namna yako naye.

Na sitaki kupita mlango wa nyuma. Mwenzangu mmoja alishauri tumchukue Bibi siku bamdogo akiwa shambani. Nimekataa. Bibi anaishi pale, sisi tutaondoka. Tena yeye mwenyewe akibadili mawazo, nafunga begi siku hiyo hiyo na sitamuuliza tena. Ninachotaka ni jibu liwe lake.

Maiki tumeazima na mwenyewe anaidai, umeme nao unakatika tukiwa katikati ya kuediti kipande cha majaribio. Lakini hayo tutayamudu.

Sasa nisaidie. Unaweza kumpigia bamdogo kabla ya Jumapili, jioni, akishatoka shambani? Au unaona bora shangazi wa Mafinga aanze, wewe ufuate? Na yule aliyempiga Bibi picha akapotea nazo alikuwa nani, unamjua? Kuna jambo la kambi ambalo linaiuma familia na mimi silijui? Kama lipo, niambie kabla sijaligusa. Wewe mwenyewe ungependa Bibi azungumze, au moyoni uko upande wa bamdogo? Nijibu kwa ukweli, hatutagombana. Na Desemba mnakuja au mnatudanganya kama mwaka jana?

Ukimpigia, omba uzungumze na Bibi pia. Simu yake mbovu, tumia ya bamdogo.

Wako,
Upendo