Songosongo ilikuwa kijiji kabla ya kuwa visima vya gesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu Songosongo, kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, ambacho wasomaji wengi wanakijua kwa gesi yake tu. Kila unapotokea mgawo wa umeme, au visima vinapofanyiwa matengenezo, jina hilo hurudi magazetini likiandamana na megawati na futi za ujazo, na hali ikitulia husahauliwa pamoja na watu wanaoishi pale. Nilifundisha shule ya msingi kisiwani humo kwa miaka 6, na ninachokiombea sauti leo ni safari ya watu hao kuvuka kwenda bara.

Habari ya gesi naipitia kwa haraka, kwa kuwa imeandikwa mara nyingi. Iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa miaka 30 bila kutumika, na mwaka 2004 ikaanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba linalopita kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Fungu na kilomita 207 nchi kavu, ikawasha mitambo ya Ubungo na tanuri za saruji za Wazo. Mwaka 2015 kikaongezwa kiwanda kingine cha kuisafisha, kilichounganishwa na bomba kubwa litokalo Madimba, Mtwara. Sina kinyongo na kazi hiyo, kwa maana hata umeme wa kijijini ulikuja kwa sababu yake. Lakini gesi huvuka mkondo wa bahari ulio kati ya kisiwa na bara usiku na mchana, kusi na kaskazi, pasipo kungoja maji kujaa, ilhali mzazi, mgonjwa na mwanafunzi wanangoja.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, na mtu aliyezoea kutembea hukimaliza kwa urefu kabla jua halijakuwa kali. Ardhi yake ni ya mawe ya matumbawe, minazi inavumilia, ila mchele, unga na sukari vinatoka bara, na maji ya visima vingi yana chumvi ambayo mgeni huitambua katika kikombe cha kwanza cha chai. Kwa hiyo riziki ni ya baharini: dema, nyavu, mwani, na zaidi ya vyote pweza.

Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa na kuacha mwamba wazi, wanawake hutoka na fimbo zao na vikapu, wakitembea wameinama. Pweza hujificha katika tundu, lakini mlangoni kwake huacha maganda ya kaa na chaza aliowala, na mwenye jicho huyaona maganda hayo akiwa hatua kumi mbali. Nilimwona mama mmoja wa makamo akiingiza fimbo polepole, akatulia kama anayesikiliza, kisha mkono wa pweza ukajisokota kwenye fimbo, naye akavuta kwa pigo moja, akamgeuza kichwa nje ndani na kumtia kapuni bila kusimama wima. Watu hawa wanamjua pweza kwa undani. Wanajua kwamba hukua upesi sana, na kwamba jike hutaga mara moja tu katika maisha yake kisha hufa, na ndiyo sababu walikubali kufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili wale wadogo wakue na wakubwa watage. Kuacha kuvua mwambani ambako ndiko kitoweo na ada ya shule vinatoka si jambo jepesi, na wametimiza nidhamu ambayo vijiji vingi vya pwani ingevishinda.

Sasa, pweza huyo lazima avuke. Chombo cha mnunuzi kisipofika kwa sababu ya upepo, barafu huyeyuka, bei huanguka, na mzigo uliobaki huanikwa juani kuwa ng'onda. Hivyo hata pale mwamba unapotoa vizuri, mapato ya nyumba yanategemea chombo.

Na chombo ni mashua ya mbao yenye mashine, ambayo huondoka ikipata abiria na mzigo wa kutosha na bahari ikiruhusu. Miaka yangu yote pale tulipandia majini, nguo zimekunjwa hadi magotini, mizigo kichwani, watoto mabegani. Katika miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka siku kadhaa mfululizo na nahodha mwenye busara hakubali kung'oa nanga. Maboya ya kuokolea niliyaona mara chache, nayo hayakutosha abiria waliokuwamo.

Usiku mmoja jirani yangu alishikwa na uchungu, na wakunga wa pale, baada ya kufanya yote waliyoweza, wakasema apelekwe bara. Maji yalikuwa yamekupwa na mashua imelala ubavu mchangani. Tulikaa naye ufukweni kwa muda wa karibu saa tatu tukingoja maji yajae ili mashua ielee, shemeji zake wakiangaza kwa tochi za simu na mama yake akimfuta uso kwa ncha ya kanga. Mtoto alizaliwa tukiwa katikati ya safari, chini ya turubai lililoshikwa na wanaume wanne ili mawimbi yasiwarukie. Wote wawili wapo hai hadi leo. Namshukuru Mungu kwa hilo, lakini siwezi kuuita ule utaratibu wa usafiri.

Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika maeneo ya Somanga, na nchi nzima ikajua. Viongozi walifika, mitambo ikaletwa, magazeti yakaandika kila siku mpaka magari yakapita. Ilikuwa haki kabisa. Nakuomba, Mhariri, uwafikirie watu ambao barabara yao hukatika hivyo kila kusi linapovuma, bila picha hata moja kuchapishwa.

Kinachoombwa kinajulikana katika mikoa hii hii. Mtwara kuna MV Mafanikio inayovusha watu wa Msangamkuu, Lindi kuna MV Kitunda, na ndugu zetu wa Mafia wamepata MV Kilindoni kutoka Nyamisati. Songosongo haihitaji chombo kikubwa kama hicho. Inahitaji boti moja imara ya abiria, yenye ratiba, maboya ya kutosha, mahali pa kulaza mgonjwa, na gati dogo la umma la kuipandia. Kwa kuwa halmashauri hukusanya ushuru wa huduma kutokana na biashara ya gesi hiyo hiyo, naona ni sawa mazungumzo ya bajeti ya boti yakaanzia hapo.

Naomba pia gazeti lako limtume mwandishi, si kwenye mitambo bali kijijini. Aje Kilwa Masoko katikati ya Julai, ashuke pwani alfajiri, aulize kama kuna chombo cha Songosongo siku hiyo, na aandike atakalojibiwa.

Mwalimu mstaafu,
Kilwa Masoko, Lindi