Bwawa lipimwe kabla katapila halijafika

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie ukarabati wa mabwawa madogo unaolenga kurudisha uoto wa asili na kuvutia watalii. Mara nyingi kazi huanza na katapila: tope lote linazolewa, kingo zinachongwa wima, ndipo wataalamu wanaitwa waorodheshe viumbe. Wakati huo wamekwishachelewa. Tope lile ndilo ghala la mbegu za mimea ya asili, na maji ya pembezoni yasiyofika gotini ndimo wanamozaliana vyura na wadudu wengi.

Upimaji hauna gharama kubwa. Chora ramani ya bwawa: wapi pana matete, wapi yungiyungi, wapi maji wazi, wapi kivuli. Kisha tumia wavu wa mpini wenye matundu ya milimita 1, ukokote kwa jumla ya dakika 3 ulizozigawa katika kila aina ya makazi. Kosa la kawaida ni kuzimaliza dakika zote pale panapofikika kirahisi, na orodha ikawa ya ukingo mmoja tu. Mimina ulichopata kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo, utulie. Wadudu wataanza kujongea wenyewe.

Kereng'ende wanaoruka juu ya maji hawathibitishi kwamba wanazaliana hapo, maana huruka mbali. Tafuta magamba makavu yaliyong'ang'ania mabua ya matete, yaani ngozi ambazo wachanga wa kereng'ende huzivua wakitoka majini na kuota mabawa. Gamba lina ufa mgongoni, na kwenye ufa huo huchomoza nyuzi nyeupe, mabaki ya mirija ya hewa. Hilo ndilo ushahidi. Vyura nao wahesabiwe usiku baada ya mvua, kwa kusikiliza, kwa kuwa kila aina ina mlio wake. Simu inatosha kuurekodi.

Oksijeni ipimwe kabla ya jua kuchomoza. Mchana mimea na mwani huitoa kwa wingi, usiku kucha kila kiumbe huitumia, kwa hiyo kipimo cha saa saba mchana kinaweza kulisifia bwawa ambalo samaki wake hutweta alfajiri.

Rudieni masika na kiangazi. Bwawa linalokauka kila mwaka si bovu! Likichimbwa lisikauke, samaki hudumu humo na kula viluwiluwi vya vyura. Gambusia, samaki waliopelekwa nchi nyingi ili wale mbu, wameleta madhara hayo hayo.

Baada ya hapo tope litolewe kwa mafungu, tuseme theluthi moja, na sehemu nyingine zisiguswe mpaka ile ya kwanza iote. Gugumaji liking'olewa lirundikwe mbali na maji, kwani kipande kidogo cha shina huchipua upya.

Njia ya wageni nayo ifuate ramani hiyo hiyo: upande mmoja tu wa bwawa, na kibanda cha kutazamia ndege kiwekwe mahali ambapo jua la asubuhi litakuwa mgongoni mwa mtazamaji. Ukingo wenye viota na matete mazito usipitwe kabisa. Buti na nyavu zisuguliwe na kukaushwa kabla ya kuingia bwawa jingine, kwa sababu ukungu unaoua vyura husafiri katika tope bichi.

Mwaka unaofuata pimeni sehemu zile zile, msimu ule ule, kwa dakika zile zile. Vinginevyo hamtajua kama ongezeko la viumbe limetokana na ukarabati au na wavu uliokokotwa muda mrefu zaidi.

Ni sisi, wapimaji wa viumbe vya majini