Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa TANROADS: mizani ikague na cheni

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Salamu kwako na kwa vijana wako walioko mizani usiku na mchana. Lobedi, yaani trela la chini la kubebea mitambo, inayopeleka kijiko (mashine ya kuchimba) Tunduma hupimwa ekseli moja moja kuanzia mizani ya Vigwaza. Uzito wa jumla huangaliwa usizidi tani 56 za sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, au uwe na kibali maalumu kutoka kwako. Tunaomba gari likisimama hapo hapo ziangaliwe na cheni zilizofunga mzigo, na kibali kiseme mashine ifungwe kwa cheni ngapi, za unene gani.

Tuanze na hesabu. Kanuni za Marekani na za Ulaya zinataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwenda pembeni au nyuma. Kijiko cha tani 22 kinadai tani 17.6 za kukizuia kisiifuate kabini ya dereva breki zinapokanyagwa ghafla.

Wengi wakiona cheni nne, moja kila kona, roho inatulia. Lakini gari likishika breki, cheni mbili za mbele hazina kazi yoyote. Zinazofanya kazi ni mbili za nyuma tu, zile zinazovuta mashine irudi nyuma. Treki, ile minyororo ya chuma ambayo kijiko hutembelea, zikiwa na tope au grisi juu ya sakafu ya chuma, msuguano unaweza kushuka hadi 0.1 ya uzito, maana yake sakafu inashika tani 2.2 peke yake. Tani 15.4 zilizobaki zinaangukia cheni mbili, 7.7 kwa kila moja. Cheni ya milimita 10 ya gredi 70 (gredi ni daraja la nguvu ya chuma chake) uwezo wake wa kazi, yaani mzigo inaoruhusiwa kubeba, ni takribani tani 3, na hukatika kwenye tani 12 hivi. Na bado pembe. Cheni iliyosimama nyuzi 60 kutoka sakafuni hutoa nusu tu ya nguvu yake kuzuia mwendo wa mbele, kwa hiyo ili izuie tani 7.7 italazimika kubeba 15.4. Itakuwa imeshakatika. Ndiyo sababu tunasisitiza cheni ilale, isipite nyuzi 45.

Sasa kwangua tope kwenye treki, fagia sakafu, kisha tandika raba ya kuzuia kuteleza. Msuguano unapanda hadi 0.6. Raba peke yake inashika tani 13.2, na cheni mbili zinabaki na tani 4.4 za kugawana. Vipande vichache vya raba na dakika kumi za koleo vinafanya kazi kubwa kuliko cheni nyingine mbili. Tungependa jambo hili liwe la kwanza kwenye ukaguzi, hasa kwa mashine ya kushindilia yenye ngoma ya chuma, maana chuma laini juu ya chuma huteleza hata pakiwa pakavu.

Kuhusu idadi, kanuni ya Marekani ni nzuri kuigwa kwa kuwa mtu anaweza kuipiga hesabu akiwa amesimama barabarani. Mashine inayozidi kilo 4,536 ifungwe kwa cheni zisizopungua nne, na jumla ya uwezo wa cheni zote ifikie angalau nusu ya uzito wa mashine. Wengi wanakosea hapa: cheni inayotoka kwenye trela na kuishia kwenye mashine huhesabiwa nusu ya uwezo wake. Kijiko chetu cha tani 22 kinahitaji 11. Cheni ya milimita 10 ya gredi 70 inahesabiwa tani 1.5, hivyo zinatakiwa nane. Ukitumia za milimita 13, zenye uwezo wa tani 5 na kitu, nne hazifiki. Funga sita ili pande zilingane. Mkono wa kijiko unalazwa hadi bakuli liguse sakafu, kisha unafungwa kwa cheni yake. Mafuta ya haidroli yakivuja taratibu ndani ya silinda, mkono ulioachwa hivi hivi husogea safarini bila dereva kujua. Pini ya kuzuia kabini isizunguke iwe imeingia mahali pake. Kwa greda na mashine nyingine zinazokunja kiuno, chuma cha kufungia kiuno kiwekwe kabla ya cheni ya kwanza.

Mkaguzi aangalie nini? Kwanza alama. Kwenye pingili kuna muhuri wa 7, 70 au 8. Cheni isiyo na alama ihesabiwe kuwa ya gredi 30, ambayo kwa unene wa milimita 10 uwezo wake ni kilo 1,200 tu. Pili, alegeze pingili mbili atazame zinapokutana, pale ndani ambapo chuma kinasagana na kung'aa. Penye milimita 10 pakibaki 9, cheni hiyo itolewe. Akikuta fundo, boliti ya kawaida iliyounganisha vipande viwili, au pingili iliyochomelewa, asihitaji kupima chochote: cheni itolewe. Cheni isiegemee ukingo mkali wa bakuli, na ndoano ishike kwenye masikio ya kufungia ya trela, siyo kwenye bomba la hewa au ngazi.

Kuna na kikaza cheni cha mpini, kile ambacho utingo hukiongezea bomba ili akaze kwa nguvu zaidi. Mpini huo ukiponyoka unarudi kasi usoni mwa aliyeushika. Tunaomba bomba lipigwe marufuku, na wenye magari wahamie vikaza vya kuzungusha skrubu.

Cheni iliyokazwa vizuri Dar es Salaam haibaki hivyo. Treki zinakaa, raba inabonyea, mashine ya matairi inadunda, cheni inalegea. Mashine ikipata nafasi ya kusogea hata kidogo, huvuta kwa mshtuko, na mshtuko unazidi hesabu zote za hapo juu. Marekani wanataka ukaguzi ndani ya kilomita 80 za mwanzo, halafu kila kilomita 240 au saa tatu, lolote litakalotangulia. Vigwaza iko takribani umbali huo wa mwanzo. Baada ya kupanda Kitonga, mlima mzima uzito ukivuta cheni za mbele, dereva asimame akaze upya. Afanye hivyo tena kabla ya kuteremka Iwambi kuelekea Mbalizi, ambako zamu ni ya zile za nyuma.

Tunapendekeza mwanzo uwe Vigwaza, kwa lobedi zenye mashine peke yake: mkaguzi mmoja, kipimo cha milimita, tochi, na karatasi ya ukurasa mmoja yenye idadi ya cheni kwa kila uzito wa mashine. Karatasi hiyo tuko tayari kuiandaa na kuja kuionesha kwa vitendo juu ya trela, siku yoyote utakayotuita.

Wako katika kazi,
Madereva wa lobedi na wafungaji wa mizigo mizito, Dar es Salaam