Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: bandama lisilorudi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya huku Kanda ya Ziwa, ambako bandama lililovimba si habari. Malaria hulivimbisha, kichocho cha tumbo vilevile, na selimundu kwa watoto. Wengi hutufikia wakiwa wameshachanjwa chale upande wa kushoto wa tumbo. Tunawaandikia dawa ya malaria, tunaongeza praziquantel, dawa ya kichocho, na mara nyingi tunapatia.

Nakuandikia kwa ajili ya wale wachache ambao bandama lao halirudi katika ukubwa wake wa kawaida. Lililovimba kwa malaria ya muda mrefu hutarajiwa kupungua sana ndani ya miezi sita ya dawa. Lisipopungua, na damu ikawa na limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) nyingi kupita kiasi, huenda ni limfoma, yaani saratani ya chembe hizo, iliyoanzia humo humo. Kwa darubini peke yake magonjwa haya mawili hufanana mno. Watafiti waliofanya kazi Ghana walilieleza hilo tangu miaka ya 1990. Kulichoma bandama sindano ili kuchukua kipande cha kupima nako kuna hatari, maana linaweza kuvujia damu tumboni, hasa kama saratani yenyewe ni ya mishipa ya damu. Kinachobaki ni kuchunguza uboho, na kipimo cha flosaitometria kinachoonyesha kama limfosaiti hizo zote ni uzao wa seli moja, dalili ya saratani.

Kipimo hicho kinataka damu mbichi, isiyozidi siku mbili hivi tangu itolewe. Hapo ndipo tunapokwama. Mgonjwa anapewa rufaa, anauza mbuzi kwanza, na wengine hatuwaoni tena. Ilhali makohozi ya kifua kikuu na damu ya kupima wingi wa VVU husafirishwa kutoka vituo kama chetu. Sioni kwa nini chupa moja ya damu isipande boksi hilo hilo.

Wapimwe pia homa ya ini C. Baadhi ya limfoma hizi hunywea virusi hivyo vikitibiwa kwa vidonge, bila kisu wala kemotherapi. Kipimo cha awali ni tone la damu tu, na hatuna!

Hatuombi mashine kila wilaya. Mwongozo wa matibabu ukisema wazi kwamba mwenye bandama lisilopungua kwa miezi sita damu yake ipelekwe maabara ya kanda, nitakuwa na karatasi ya kumwonyesha dereva wa pikipiki ya sampuli.

Wako katika kazi,
Tabibu, Kanda ya Ziwa