Mgeni Aliyekuja na Kigoda Chake

Pasua, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliniuliza kwenye simu inakuwaje bakteria asisombwe na chakula na maji yanayopita utumboni kutwa kucha. Nilikuwa namenya ndizi, sikukujibu sawasawa. Nakujibu leo, kwa kuwa miaka niliyokaa maabara imenifanya nilitafakari sana jambo hili.

Wengi hudhani kwamba bakteria huvunja ukuta wa utumbo. Wale ninaowaogopa zaidi huifanya seli yenyewe iwapokee. Chukua aina ya bakteria E. coli iitwayo EPEC, inayoharisha watoto wadogo. Kwanza hujishikiza kwa nyuzi nyembamba, kisha hutoa kijimrija mfano wa sindano na kupenyeza ndani ya seli protini yake iitwayo Tir. Protini hiyo hujipachika kwenye utando wa seli na kuchomoza nje, na bakteria huikamata kwa protini nyingine iliyo juu ya mwili wake, intimini. Yaani kile anachokishika amekuja nacho mwenyewe, kama mgeni aliyeingia na kigoda chake, akakiweka sebuleni kwako na kukikalia. Vijinyweleo vya seli vinavyofyonza chakula hulala na kupotea, na chini ya bakteria seli hujiinua kama kichuguu kumbeba.

Ulipokuwa na miezi minane uliharisha siku tatu. Nilikufinya ngozi ya tumbo ikabaki imesimama, haikurudi upesi, na macho yako yalikuwa yamezama. Katika zahanati tuliyokwenda hakuna aliyepima choo chako. Tulipewa maji ya chumvi na sukari, nikakunywesha kijiko kwa kijiko mpaka alfajiri. Tangu usiku ule nimetaka kujua ni nini hasa hutokea mle ndani.

Salmonela, bakteria mwingine wa utumboni, naye ana sindano yake, ila yeye huufanya utando wa seli uumuke kama maziwa yanayochemka, umkunje na kummeza. Wa kipindupindu haingii kabisa; hukaa juu na kumwaga sumu.

Shigela, bakteria wa kuhara damu aliyegunduliwa na Kiyoshi Shiga huko Japani mwaka 1897, ndiye mjanja kuliko wote. Hupitia seli M, ambazo kazi yake ni kuchukua sampuli ya vilivyomo utumboni na kuzikabidhi kwa askari wa kinga walio chini. Humezwa na askari, humuua, hutoka, kisha huziingia seli za ukuta kwa upande wa nyuma. Akiwa ndani hujitengenezea mkia kwa aktini, protini ya nyuzi za seli hiyohiyo, ukamsukuma hadi seli ya jirani bila kutoka nje. Bakteria 10 hadi 100 tu humtosha mtu kuugua, na idadi hiyo hukaa kwenye ncha ya kidole bila kuonekana, ndiyo maana nilikuwa nikikurudisha kwenye ndoo na sabuni hata ulipoapa kwamba umekwisha kunawa.

Mama yako