Usipige mkono wa pili wa rangi, mwanangu

Mwanangu, assalamu alaykum. Jana mamako alinionyesha ile picha uliyomtumia, mashua imekaa juu ya magogo huko Mtwapa, ubavu mmoja ushakuwa buluu na wewe na brashi mkononi wacheka. Nimefurahi wallahi, nimeizungusha baraza nzima. Lakini usiku usingizi haukuja. Kwani ulitoa ile pamba ya zamani ya kuziba nyufa za mbao kabla ya hiyo rangi, ama umepaka juu kwa juu?

Wasema muuzaji kakwambia ilikalafatiwa, nyufa zikazibwa upya, mwaka jana. Sasa yeye si ataka pesa yake? Wewe lala chini pale mkukuni, kwenye uti wa chini wa mashua, ule ubao wa kwanza unaokutana na mkuku, udunge kwa ncha ya kisu. Ncha ikizama kama kwenye mkate, huo ng'oa, usiuonee huruma. Na misumari itazame, ukiona kutu imeshuka kama chozi chini ya rangi ujue ndani imeshalika.

Halafu pamba. Isokote pajani iwe nene kama kidole cha mwisho, iloe mafuta sawasawa, uisukume kwa patasi butu na nyundo ndogo ndogo. Sikiliza. Mwanzo inalia puu, puu, ikishajaa nyundo inarudi na sauti kavu kama imegonga jiwe, hapo ndio wahamia mbele, si kabla.

Tanga sina neno, na foromali, ule mti unaoshika tanga, umeiunga vizuri, zile kamba umezikaza kunishinda mimi nilipokuwa na umri wako. Ila kununua tanga jipya kabla hujajua mbao zikoje, hilo sikulipenda na nilikwambia. Roda ya juu ya mlingoti, ile kapi ya kamba, ibadilishe, na henza, kamba ya kupandishia foromali, usiweke nailoni, inavutika, foromali itakushukia kila saa.

Ile ajali yetu ya mashua kule Likoni mimi husema ni upepo. Upepo ulikuwepo, ndio. Lakini ubao wa tezi, huko nyuma ya mashua, ulikuwa na pamba ya zamani na mimi nilikuwa na haraka, deni lilikuwa shingoni, nikapaka rangi juu ikapendeza. Mamako hajui. Nitamwambia mwenyewe.

Sasa wewe nawe wasema wiki ijayo Shimoni, eti uiwahi kaskazi kabla haijaisha. Kweli itakusukuma mgongoni mpaka huko, lakini kwanza ishushe hapo hapo kwenye kriki, uifunge, uiwache siku tatu. Siku ya kwanza itavuja usishtuke, mbao zimekaa juani zimeachana, zikinywa maji zinafura zinabana zenyewe. Ikiwa siku ya tatu bado wafua maji kuyatoa ndani asubuhi na jioni, ipandishe juu hata kama wenzako washafunga mizigo. Na jaketi za kuokolea ziwe za watu wote, si mbili za kuonyesha wakaguzi.

Hapa nyumbani tuko salama. Maji ya mfereji hayajaja tangu Jumapili twanunua ya mkokoteni, dawa za presha za mamako zinaisha Alhamisi usisahau, na dadako ameuliza ile feni yake uliichukua ya nini. Zile pesa ulizotuma za fundi wa tenki usikasirike, nusu nimenunua pamba na mafuta, vimo kwenye gunia nyuma ya mlango. Tenki nimeliziba kwa mpira, litangoja.

Gunia nitalipakia matatu Ijumaa asubuhi, kalipokee stejini wewe mwenyewe usitume mtoto. Mkono wa pili wa rangi usipige. Jumamosi nakuja na patasi yangu, na huo ubavu wa buluu tutaukwangua wote mpaka tuuone ubao.

Babako