Kabla ya kusema ni pumu, mlazeni mgonjwa mtazame tumbo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu pumu nimeisoma mpaka mwisho na nashukuru, ila kuna jambo limeachwa. Si kila anayetweta ana pumu, wala si kila anayekosa hewa akilala ana moyo uliochoka. Kuna ugonjwa wa kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na wenye ugonjwa huo huzungushwa muda mrefu kabla haujatambuliwa.

Naujua kwa baba yangu. Alifanyiwa upasuaji wa moyo, kidonda kikapona vizuri, lakini kitandani hakulaliki. Miezi saba alilala kwenye kiti, amepakata mto na kuuegemeza kichwa. Akiinama kufunga kamba za viatu anahema. Asubuhi kichwa kinamgonga, mchana anasinzia watu wakiwa wanazungumza naye. Alipewa dawa ya pumu ya kuvuta, kisha vidonge vya kupunguza maji mwilini. Hakupata nafuu.

Aliyegundua ni daktari mmoja kijana aliyemlaza chali, akamfunua shati, akakaa kimya akitazama. Nami nilikuwa kando, nikaona: baba akivuta pumzi, kifua kinapanda huku tumbo linabonyea; akitoa, tumbo linainuka. Ni kinyume kabisa. Kiwambo kizima kikijikaza hushuka, mapafu yakapata nafasi, na tumbo likasukumwa nje. Kilichopooza hakishuki. Kinafyonzwa kwenda juu na kujaa mahali pale pale ambapo hewa ilipaswa kuingia.

Mara nyingi msuli hauna kosa. Kilichoumia ni neva inayouamrisha. Neva hiyo huanzia shingoni ikapita kando kabisa ya moyo, na njiani inaweza kudhurika kwa upasuaji, ajali, uvimbe au virusi. Hata mtoto mchanga huweza kuipata shida hii shingo ikivutwa sana wakati wa kuzaliwa. Ukipooza upande mmoja, wengine hawasikii lolote hadi wapande ngazi. Zikipooza pande zote mbili, usiku ndio mateso: mgonjwa akilala chali, vilivyomo tumboni vinakisukuma kiwambo juu, na ule usingizi wa ndoto ukifika, misuli mingine ya kupumua inalegea na kumwachia kiwambo kazi yote. Ndiyo maana baba alikuwa akishtuka mara kwa mara.

Kupima si kazi kubwa. Mgonjwa anapuliza kwenye mashine akiwa amekaa, kisha akiwa amelala. Kwa mwenye afya tofauti ni ndogo; pumzi ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, kiwambo hakina budi kuchunguzwa. Ultrasaundi nayo huonyesha kama msuli unajikaza au umetulia tu.

Baba sasa hulala kitandani akiwa amevaa barakoa ya mashine inayomsukumia hewa. Tumeelezwa kwamba neva huweza kupona yenyewe, lakini taratibu, pengine mwaka na zaidi.

Mhariri, naomba mkiandika tena kuhusu pumzi, muwaambie wasomaji wasiishie kumwambia daktari "nakosa hewa". Waseme pia wanaikosa wakiwa wamekaaje: wamelala, wameinama, au wameingia majini hadi kifuani. Baba hakuwahi kuulizwa, naye hakujua kwamba ni jambo la kusema.

Msomaji wenu